Mama Pimbi Afungua Duka la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jiko.

La mkaa mbichi!

Palikuwa na mtungi.

Kifuniko chake mtakisikia!

Palikuwa na mama.

Usingizi hana!

Haya, kaeni.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwepo na kukatika ulikuwa ukikatika, Mama Pimbi aliishi juu ya kilima cha mawe. Pimbi mnamjua. Ni kama sungura aliyenyimwa masikio. Mkia hana, pembe hana, meno ya kutisha mtu hana. Kuna jambo moja tu analoliweza kuliko wanyama wote: kukaa juu ya jiwe. Atakaa asubuhi, atakaa mchana, jua limchome, upepo umpige, yeye amekaa tu.

Mama Pimbi alikuwa na watoto wawili, Chande na Zawena. Chande ndiye mkubwa, na alikuwa na akili. Alipopata nafasi chuoni, mama yake aliuza shamba la karanga, akashuka bondeni kwenye duka la Kiboko, akamnunulia laptopu ya mtumba. Iling'aa! Kiboko aliipaka mafuta ya nazi mpaka ukiitazama unaona mpaka kope zako. Dukani iliwaka. Nyumbani, kwenye soketi, iliwaka. Chuoni, siku ya mtihani, umeme ukakatika. Zii! Laptopu ikazima, na kazi yote ya Chande ikaondoka na hiyo zii.

Mama Pimbi akairudisha dukani. Kiboko hakubishana naye. Alinyanyua pua yake pana, akamwonyesha ubao uliopigiliwa juu ya mlango: MALI IKITOKA HAIRUDI.

Chande akarudi kilimani. Tangu siku hiyo anavunja kokoto, na maneno yake yamepungua. Ile laptopu ndiyo kifuniko cha mtungi wa maji. Inafaa vizuri. Panzi hawaingii.

Sasa, mwaka huo wa ukame, Zawena naye akapata nafasi, chuo cha uuguzi. Chuo kikasema: Jumatatu, kila mwanafunzi aje na laptopu yake. Asiye nayo asije, nafasi yake itapewa mwingine. Mama Pimbi akauza cherehani. Baada ya cherehani hapakuwa na kingine cha kuuza, labda mawe, na mawe ya kilimani hayana mnunuzi. Akafunga fedha pindoni mwa leso, akakaza fundo kwa meno.

"Mama," Zawena akauliza, "tunakwenda kwa Kiboko tena?"

"Kuna duka jingine?"

"Hakuna."

"Basi umeshajijibu."

"Na ikizima?"

Mama Pimbi akatazama mtungi wa maji. Chande alikuwa nje, ko, ko, ko, nyundo na jiwe.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye hadithi. Kiboko alikuwa mkubwa, alikuwa na nguvu, alikuwa na mdomo wa kumeza mtumbwi, lakini alikuwa na udhaifu wa aina mbili.

Wa kwanza ni ngozi. Ngozi ya kiboko haitaki jua. Likipanda, mgongo wake hupasuka kama tope la bwawa lililokauka, na jasho jekundu humtoka. Ndiyo maana alifungua duka alfajiri, akafunga kabla jua halijafika utosini, akakimbilia mtoni.

Wa pili ni mkosi. Wafanyabiashara wa bonde lile, wakubwa kwa wadogo, waliamini kwamba mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akinunua, hata sindano, siku imefunguka. Akitoka mikono mitupu, siku imefungwa, na fedha yoyote utakayoipata baada yake itakutokea puani. Na ukimruka, ukamuuzia wa pili, huo ni mkosi wa mwaka mzima. Wanunuzi nao waliamini hivyo hivyo. Hakuna aliyekubali kununua kitu katika siku iliyofungwa.

Mama Pimbi alikuwa ameyafikiria hayo mambo mawili tangu siku alipouza cherehani. Jumamosi, kabla kwale hajalia, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka. Nyuma yake akaja Bi Nungunungu, jirani yake wa chini ya kilima, miiba imelala kwa usingizi.

"Aka! Umeniwahi, Mama Chande."

"Nimekuwahi, jirani."

"Namtafutia mjukuu wangu. Nimeuza maboga yote. Yote! Hata ya mbegu."

Nyuma ya Bi Nungunungu akaja Ngiri, na nyuma ya Ngiri wakaja wengine, mpaka foleni ikafika kwenye mwanzi wa mtoni. Kiboko akafungua milango ya mabati. Kwaa! Kwaa! Ndani, laptopu zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, zote zinawaka, zote zinang'aa, na nyuma ya kila moja umetoka waya, na waya zote zimekutana kwenye ekstensheni moja karibu na mlango, kama nyoka waliokwenda kunywa maji. Pembeni, juu ya kasha la Kiboko mwenyewe, laptopu nyeusi ya zamani ilikuwa ikiimba taarabu.

"Aaa!" Kiboko akafungua mdomo wote. "Karibu, dada yangu, karibu! Wewe ndiye ufunguo wangu leo. Nifungulie, na Mungu akufungulie."

"Amina," akasema Mama Pimbi. "Nachagua, Bwana Kiboko."

"Uchague nini na mimi nimeshakuchagulia! Hii hapa ya rangi ya fedha. Ilikuwa ya bibi mmoja huko Ulaya, akiifungua Jumapili tu, anasoma Zaburi, anafunga. Wameikarabati, wameisafisha, wameiombea. Bei yake..." Akatazama fundo la leso, akalipima kwa jicho, akataja bei. Ilikuwa sawasawa na kilichomo kwenye fundo.

Mama Pimbi akaishika. Ilikuwa nzuri. Alijiona kope.

"Naomba nichomoe waya."

"Waya? Waya usiguswe, dada. Una shoti."

Mama Pimbi akaweka mikono magotini, akainuka polepole, kama mtu anayetoka msibani. "Basi, Bwana Kiboko, natoka."

Nje foleni ikalipuka.

"Anatoka! Jamani, anatoka mikono mitupu!"

"Mkosi!" akalia Bi Nungunungu, miiba ikasimama cha cha cha.

"Mama, usitufungie siku!" akafoka Ngiri. "Wengine tumetembea tangu jana!"

"Kaa! Kaa, dada yangu," Kiboko akasema haraka. "Nani kakwambia utoke? Chomoa. Chomoa tu."

Mama Pimbi akachomoa. Zii! Giza kwenye kioo.

"Betri imelala," akasema Kiboko. "Ukiichaji vizuri itaamka."

"Nachagua, Bwana Kiboko."

Akaifungua ya bluu. Akasubiri. Akachomoa waya. Ikafanya vuuu, vuuu, kama mgonjwa anayetaka kutoa wosia, kisha zii.

"Hiyo inataka kuzoeana na mwenyewe."

"Nachagua, Bwana Kiboko."

Akaifungua nyekundu. Akasubiri. Akachomoa waya. Zii!

Akaifungua ndogo ya kahawia. Akasubiri. Akasubiri sana. Hiyo betri yake ilikuwa hai, lakini yenyewe ilikuwa nzito kuwaka, hata kivuli cha mlango kikahama kutoka kwenye rafu kikafika kwenye kasha, nayo bado inazungusha duara lake dogo kwenye kioo. Mwanafunzi angemaliza chuo haijawaka.

"Ina busara hiyo," akasema Kiboko. "Haikurupuki."

"Nachagua, Bwana Kiboko."

Jua likapanda. Mabati yakaanza kulia, tak, tak. Kiboko akajipepea kwa boksi. Nje, wanyama walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, wamejifunika nguo vichwani, na hapakuwa na kicheko tena.

"Mama Chande," Bi Nungunungu akaita, "jirani yangu, hebu nunua yoyote. Laptopu ni laptopu."

Mama Pimbi alimsikia. Neno hilo hilo alilisema yeye siku ile alipomnunulia Chande.

Kiboko akainama, mdomo ukafika kwenye sikio lake. "Nakupunguzia. Chukua ya rangi ya fedha, nakurudishia chenji, na begi nakupa bure. Begi la ngozi!"

Hapo Mama Pimbi akalitazama begi. Msimcheke. Chenji ile ilikuwa viatu vya Zawena. Ilikuwa nauli ya kumpeleka na sukari ya kumwachia Chande. Na begi lilikuwa begi kweli, lina zipu mbili. Mkono wake ukaenda kwenye fundo la leso. Ukalishika. Akaisikia ile ko, ko, ko ya kilimani, ingawa kilima kilikuwa mbali na haikuweza kusikika.

Mkono ukarudi.

Ndipo akaisikia taarabu. Ilikuwa ikiimba tangu mapambazuko. Akatazama laptopu nyeusi juu ya kasha. Kona moja imebonyea. Vitufe vimefutika herufi, kimoja kimeng'oka kabisa. Akaitazama kwa nyuma. Hapakuwa na waya.

"Na hiyo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ipi?"

"Inayoimba."

Sikio moja la Kiboko likatikisika. "Hiyo si ya kuuza. Hiyo mbovu."

"Mbovu, na unaitumia wewe?"

"Ni yangu mimi! Nimeizoea!"

"Haya." Mama Pimbi akaweka mikono magotini. Akapaza sauti. "Natoka, Bwana Kiboko."

"ANATOKA!" ikajibu foleni.

"Asitoke!" akanguruma Kiboko, akaziba mlango kwa mwili wake. Alipoziba, jua likampata mgongoni. Ngozi ikalia prrr, ikapasuka mstari kutoka shingoni mpaka kiunoni. Jasho jekundu likaanza kutiririka. Akarudi kivulini, Mama Pimbi akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Akaziba tena. Prrr! Akarudi. Mama Pimbi akapiga hatua nyingine.

"Mwanamke, unaniua!"

"Mimi nachagua tu. Na kama umechoka, nikae. Sisi pimbi tunaweza kukaa." Akakaa. Akakunja miguu. Akafumba macho kama yuko juu ya jiwe lake.

Jua likasogea. Tak, tak, mabati. Mto ulikuwa pale pale nyuma ya mwanzi, Kiboko akayasikia maji yake, yale machache yaliyobaki mwaka huo. Akatazama fundo la leso. Akatazama foleni ndefu, kila mmoja na fundo lake. Tamaa ikapigana na tamaa, na kubwa ikaishinda ndogo.

"Lete fedha yote," akasema kwa sauti ya chini. "Chenji hakuna, begi hakuna. Na mdomo wako ufunge. Ukiwaambia wale nje neno moja, moja tu, napanda kilimani kwako. Na mimi nikikanyaga nyumba haisimami."

"Chaja yake?"

"Chukua chaja!"

"Nimefunga mdomo," akasema Mama Pimbi. Akafungua fundo.

Akaibeba laptopu nyeusi kifuani, bado inaimba. Kiboko akapiga yowe la furaha, "Siku imefunguka!" na foleni yote ikasimama, ikajifuta vumbi. Mama Pimbi akafika mlangoni. Pale chini palikuwa na ekstensheni, nyoka wote vichwa pamoja. Akawatazama wale waliokuwa nje. Bi Nungunungu alikuwa wa mbele kabisa, ameshafungua fundo lake, fedha za maboga ziko mkononi.

Mama Pimbi hakusema neno. Mguu wake ukajikwaa.

Chwap! Plagi ikatoka ukutani.

Zii! Ya rangi ya fedha. Zii! Ya bluu. Zii! Nyekundu. Zii, zii, zii, rafu nzima, kioo baada ya kioo, duka likawa kama kaburi. Ile ya kahawia peke yake ilibaki, nayo ilikuwa bado haijawaka. Kiboko akaachama. Mama Pimbi akasimama katikati ya mlango, mdomo umefungwa, na kifuani mwake laptopu nyeusi ikiimba taarabu, peke yake, kwa sauti, kila mtu anaisikia. Akamtazama Bi Nungunungu machoni. Akasubiri. Pimbi anajua kusubiri.

Bi Nungunungu akatazama rafu iliyozima. Akatazama laptopu inayoimba. Akafungua mdomo.

"Umeme!" akasema.

"Aaah, umeme tena!" ikajibu foleni.

"Kila siku! Kila siku!"

"Hawa watu wa umeme watatumaliza!" akafoka Ngiri.

Kiboko akashusha pumzi, boksi likaruka. "Umeme, jamani! Si mnaujua umeme wetu! Subirini kidogo, unarudi sasa hivi."

"Una bahati, Mama Chande," Bi Nungunungu akamwambia kwa wivu kidogo. "Umewahi kununua kabla haujakatika. Mbona hunijibu? Umepata laptopu umekuwa bubu?"

Mama Pimbi alitaka kujibu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini alimsikia Kiboko mgongoni mwake, anakanyagakanyaga sakafu, taratibu, du, du, na alimwona Zawena Jumatatu kwenye lango la chuo. Akalimeza. Lilikuwa chungu, na lilikwenda chini polepole kama kidonge kisicho na maji.

Akateremka ngazi, akaipita foleni yote. Hakuwa amefika kwenye mwanzi aliposikia Kiboko akichomeka plagi, na wanyama wote, wakubwa na heshima zao, wakapiga makofi na vigelegele:

"Umerudiii!"

"Nipe hiyo ya rangi ya fedha," ilikuwa sauti ya Bi Nungunungu. "Na begi lake lipo?"

"Begi, dada yangu, unaongeza kidogo."

Kilimani Zawena aliipokea laptopu, akaigeuza, akagusa kona iliyobonyea. Hakusema ni mbaya. Alikuwa mtoto wa kujua. Chande akatoka kwenye kokoto, vumbi mpaka kwenye nyusi, akachomoa chaja na kusikiliza. Ikaendelea kuimba. Akaichomeka tena, akarudi kazini.

Jioni, jua likizama, Zawena alikuwa anajifunza kuchapa jina lake kwenye vile vitufe visivyo na herufi. Ghafla bonde lote likazima. Huo ulikuwa umeme wenyewe sasa, umekatika kweli. Nyumba ya Bi Nungunungu, giza. Nyumba ya Ngiri, giza. Kutoka huko chini sauti zikapanda pamoja, kama kila siku:

"Umemeee!"

Kilimani mwanga wa kioo ulibaki kwenye uso wa Zawena.

"Mama," akasema, "si wamenunua laptopu leo, wote? Mbona hakuna hata moja inayowaka? Laptopu ina betri."

"Soma, mwanangu."

"Lakini mama, wewe ulikuwa kule. Hukuwaambia?"

"Nimesema soma."

Chande akaingia, akaenda kwenye mtungi. Akainua laptopu yake kwa mikono miwili, akachota maji, akanywa. Akairudisha juu ya mtungi taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Basi, wanangu, funzo la hadithi hii ni kwamba mteja mwema hachagui. Ananunua upesi, anapisha wenzake, anaamini anachoambiwa. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini wazee hawakumuuliza Kiboko: wote walionunua kwa haraka siku ile aliwapa baraka zake, na kuwapungia mkono. Na ukijikuta gizani na mashine yako mpya mapajani, usijisumbue na maswali. Ulaumu umeme. Umeme haujawahi kukasirika.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa njema, nendeni nayo.

Na ikiwa mbovu?

Someni ubao: mali ikitoka hairudi.